AQ imetoa 34: ni usonji au ni saikosisi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwanasaikolojia katika kituo kimoja hapa Goma. Nina kijana aliyezaliwa 1998, anasikia sauti tangu miaka mitatu iliyopita na anameza haloperidol, dawa ya kutuliza sauti hizo. Nilimsomea dodoso la AQ, kauli 50 za kupima tabia za usonji kwa mtu mzima, kwa Kifaransa huku nikimtafsiria kwa Kiswahili palepale. Amepata 34 kwa 50 (alama kubwa ni tabia za usonji zaidi, si ujuzi zaidi): ujuzi wa kijamii 9, mawasiliano 8, kuhamisha umakini 8, ubunifu wa mawazo 7, kuona vitu vidogovidogo 2. Niandike otisme, yaani usonji, kwenye fishi?

JIBU: Usiandike bado, mwenzangu. 34 inakuonyesha kwamba tabia zile ziko nyingi leo. Haikuonyeshi zilianza lini, na hapo ndipo penye jibu lako.

Kumbuka mpaka wa 32, ambao mtu akiufikia hushukiwa usonji, ulitoka wapi. Katika utafiti wa Cambridge wa 2001, watu wenye usonji karibu 80 kwa 100 walifikisha 32 au zaidi, na watu wa kawaida 2 tu kwa 100. Baadaye ikaonekana kwamba 26 inafaa zaidi kwa waliotumwa kliniki. Lakini mipaka yote miwili haikuwekwa ili kutenganisha usonji na skizofrenia, ugonjwa wa saikosisi, yaani wa kusikia au kuona yasiyokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Wenye skizofrenia hupata alama za juu kuliko watu wa kawaida, kwa sababu anayejitenga, asiyeanzisha mazungumzo na aliyepoteza hamu atajibu maswali mengi ya AQ sawasawa na mwenye usonji.

Angalia ile 2 yako. Alama zimejaa upande wa watu na mazungumzo, ila upande wa vitu vidogovidogo ni kama hakuna kitu. Sura hiyo inanielekeza kwanza kwenye dalili hasi za saikosisi, yaani kujitenga, kunyamaza na kukosa hamu. Si ushahidi, ni sababu ya kuchimba zaidi.

Kabla ya kuchimba, rudia dodoso lenyewe, maana kutafsiri palepale kumekuharibia. Karibu nusu ya kauli hupata alama mtu akikubali, na nyingine akikataa. Ukigeuza kauli ya kukana kuwa swali, kwa mfano «hupendi kukaa na watu?», Mswahili akijibu «ndiyo» anamaanisha kweli sipendi; wewe unayefuata Kifaransa unaweza kuandika kinyume. Andika tafsiri moja, mwenzako airudishe kwa Kifaransa bila kuona ya kwanza, mlinganishe. Kisha soma kila kauli kama ilivyo na uulize: ni yako au si yako? Sana au kidogo? «Sana» na «kidogo» zote hupewa alama 1 ileile. Kauli ya kuchagua kati ya tamthilia na makumbusho itamchanganya asiyewahi kuingia popote pawili. Weka alama pembeni kwamba hakuielewa. Fanya hayo sauti zikiwa zimetulia, si wiki aliyoletwa akipiga kelele.

Haloperidol nayo ina deni lake. Kunja na kunjua kiwiko chake polepole: kikikatakata kama gurudumu la meno, uso mkavu na mikono isiyopunga vinaweza kuwa vya dawa. Na kijana wa hapa asiyemkazia mkubwa macho huenda ana adabu tu.

Sasa mwite mama, au shangazi aliyemlea. Usimuulize «alikuwa wa kawaida?», atakuambia ndiyo. Tumia lava ya Nyiragongo ya Januari 2002: mtoto alikuwa na miaka mitatu au minne. Siku zile za kukimbia, alikuwa anasema sentensi? Alikuwa ananyoosha kidole ili mama naye aone kitu, au kwa kuomba tu? Alipika ugali wa matope na wenzake, au alipanga vifuniko vya chupa peke yake na kulia vikisogezwa? Halafu shule ya msingi: alikuwa na rafiki wa kumtembelea? Kama alicheza, akapiga soga, kisha akazimika akiwa kijana mkubwa, huo ni mporomoko. Usonji huanza utotoni, hata kama unaonekana baadaye maisha yanapodai zaidi.

Usijaribu kukata kesi kwa alama ya usonji inayotolewa kwenye PANSS, kipimo cha ukali wa dalili za skizofrenia. Vipengele vyake vinane, kila kimoja 1 hadi 7, vingi vimechukuliwa kutoka dalili hasi zilezile. Utakuwa unapima kitu kimoja mara mbili. ADOS-2 moduli ya 4, uchunguzi wa usonji wa ana kwa ana kwa watu wazima, pia huwapa baadhi ya wenye dalili hasi alama ya usonji.

Hakikisha na sauti zenyewe. Mwenye usonji hushika neno kama lilivyo: ukimuuliza kama anasikia watu asiowaona, anaweza kusema ndiyo akimaanisha jirani nyuma ya ukuta wa mbao. Omba mfano wa jana: zilisema nini, alikuwa wapi, nani mwingine alisikia?

Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. DSM-5, mwongozo wa Kimarekani wa kutambua magonjwa ya akili, inakubali kuongeza skizofrenia juu ya usonji pale ambapo maono, sauti au imani potofu ni dhahiri, pamoja na dalili nyingine zinazotakiwa, kwa angalau mwezi mmoja. Kwa leo andika kwenye fishi: «AQ 34, tafsiri ya mdomo, akiwa kwenye haloperidol; historia ya utoto bado».