Igizo la Yona uwanjani: ondoeni hiyo mashine ya moshi

Futa mashine ya moshi kwenye orodha yako kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mleta mada ana kikundi cha watu 22, kwaya na maigizo, wanataka kuonyesha Yona usiku uwanjani hapa Mwanga, Kigoma. Jenereta moja ya petroli, kVA 5 (hicho ndicho kipimo cha ukubwa wake). Taa 4 za halojeni za wati 500, amplifaya, miksa, kinanda, na mashine ya moshi ya wati 1,500 kwa ajili ya dhoruba. Fundi mitambo kamwambia "inatosha na chenji inabaki". Anauliza pia mavazi, kibali, kiingilio na mpangilio wa nyimbo.

Chenji! Hao mafundi wana maneno mengi kuliko nyaya. Wanasoma namba 5 iliyoandikwa ubavuni, wanakunja mikono. kVA siyo wati kamili: kVA 5 zidisha kwa 0.8 unapata wati 4,000, na kwa kazi ya saa tatu usivuke 3,000. Taa zako na moshi tayari ni 3,500, besi haijagongwa hata mara moja.

Ila hesabu siyo ubaya wenyewe. Ubaya ni kwamba mashine ya moshi ndani ni hita. Inapata moto, inajikata. Ukitoa moshi inapoa, inajiwasha tena. Maana yake inavuta umeme wote kwa mpigo sekunde chache baada ya kutoa moshi, yaani katikati ya dhoruba, kwaya ikiwa juu kabisa. Injini inazama, volti zinashuka, kinanda kinazima na kujiwasha. Kikirudi kimesahau kila kitu: sauti ni ile ya piano ya kiwandani, na ufunguo umerudi sifuri. Mpiga kinanda wenu, kama wengi wetu, anapiga kila wimbo kwenye C halafu anabonyeza +3 ili kinanda chenyewe kipandishe ufunguo hadi Eb? Basi kwaya itakuwa Eb na kinanda C. Mabaharia wanamtupa Yona majini, na watazamaji wanatamani mpiga kinanda amfuate.

Hita ikijikata, volti zinaruka juu ghafla. Hapo ndipo adapta za bei rahisi zinapoungua, na wakati mwingine zinaondoka na kinanda. Cha kuazima kutoka kanisa jirani, bila shaka. Niulizeni mimi, wala msiniulize bei.

Kanuni ni moja: KINACHOTOA JOTO KISIGUSE JENERETA YA MUZIKI. Halojeni ni joto. Birika la chai ya wazee ni joto. Na dada wa mavazi atachomeka pasi kwenye ekstensheni ya nyuma ya pazia dakika tano kabla ya kuanza, naapa, hata umkataze. Kanzu zipigwe pasi nyumbani. (Hapo nimekujibu swali la mavazi.)

Taa kodi za LED. Nane za wati 54 hazifiki 450 zote pamoja. Mkishindwa, halojeni ziwe na jenereta yao. Kinanda na miksa zipitie stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Waya kutoka kwenye jenereta uwe wa milimita za mraba 2.5, siyo ule mwembamba wa redio. Kwa mita 50, wa 1.5 unakula volti zaidi ya 15 mkivuta wati 3,000. Chukua mita ya kupimia volti, pima kwenye soketi ya kinanda huku kila kitu kimewashwa na mtu anagonga besi. Ikisoma chini ya volti 210, punguza vitu, usibishane nayo. Miksa iwashwe kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Petroli mjaze kabla, msiongeze injini ikiwa inanguruma.

Jenereta ikae mita 30 hivi upande wa ziwani, maana usiku upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, moshi wake utaenda huko badala ya kwenye koo za sopranu.

Na dhoruba? Kitambaa cha bluu mita 10, watu sita wakitikise kwa zamu, chini kisha juu. Nyuma ning'iniza bati jipya lisilo na kutu, likitikiswa ni radi tupu. Ongeza ngoma moja. Wati sifuri.

Kibali anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, polisi mapema. Kiingilio tutaongea, kwanza niambie huyo fundi amekwishalipwa au bado?