Kichanga kupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, usiku
Dada uliyeuliza mkodi Noah toka Rombo au msubiri ambulensi, pigeni 115 kwanza, ni bure, ndo ile m-mama, huduma ya usafiri wa dharura ya wajawazito na vichanga, ambulensi ikikosekana wana madereva wa mtaani walioandikishwa. Ila baridi ya njiani jamani! Wetu tulimviringisha mablanketi matatu na bado tulifika miguu kama samaki wa kwenye friji, nesi akayatoa yote akamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga juu. Fanyeni hivyo toka mnaondoka, pua iwe wazi. Kama anahema kwa shida daktari aseme mapema gari liwe na oksijeni na apige simu huko mnakoenda, barua ya rufaa msiisahau mezani.