Usukani ukicheza, usikimbilie boksi

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, Land Rover yangu Series III nazungusha usukani weee kabla tairi halijasikia. Nikaze boksi?" Yaani boksi la usukani, lile lenye gia mwishoni mwa nguzo ya usukani. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana na mimi niliwahi kujiuliza hivyo hivyo, nikajijibu vibaya.

Nilikaza. Ile skrubu ya kurekebishia boksi ilikuwa inanitazama, spana ninayo, nani angenizuia? Mchezo ukapungua kweli. Nikaingia barabarani, nikakata kona, nikaulegezea usukani urudi wenyewe. Haukurudi. Nusura nilale na gari mtaroni. Fundi niliyempelekea akacheka mbele ya mwanangu: "Haya ndiyo magari ya wasomi." Sijasahau, na kwake sikurudi. Kazi yote nimeimalizia uani kwangu, kwa mikono hii.

Ubaya wenyewe ni huu: boksi huliwa zaidi katikati, kwa sababu gari muda mwingi huenda limenyooka. Ukikaza mpaka katikati pasicheze kabisa, ukikata kona linabana. Na mara nyingi boksi wala si mkosaji.

Tafuta kwanza mchezo ulipo. Gari likanyage chini kwa magurudumu yote, injini imezimwa, tairi umezitia vigingi. Mtu akutikisie usukani kushoto kulia, taratibu, wewe ulale chini ushike kila kiungo kwa kiganja. Series ina tairodi endi 6, yaani vile viungo vya mwisho wa fimbo za usukani. Kiganja kitasikia kabla jicho halijaona. Zangu 4 zilikuwa zimekwisha. Moja raba yake imepasuka, ndani mna kutu laini kama ugoro.

Kuzing'oa, usigonge ncha yenye nyuzi. Gonga ubavu wa jicho la mkono, lile tundu endi inapoingia, nyundo nyingine umeiegemeza upande wa pili, nati ukiiacha imeshika nyuzi mbili tatu. Na nusu ya endi hizo zina nyuzi za kushoto! Jioni nzima nilikuwa nakaza nilichodhani nalegeza. Hesabu mizunguko wakati wa kutoa, andika ukutani kwa chaki. Ukimaliza, pima magurudumu ya mbele: kwa mbele yakaribiane kuliko kwa nyuma, milimita 1.2 hadi 2.4.

Vijana mnapenda kukaza. Kitu kikilia, kaza, kikicheza, kaza. Halafu pini za kufungia nati mnarudishia zile zile za zamani zilizokwisha kupindwa mara tatu! Usukani si redio jamani, ndani ya gari lile wamepanda watoto wenu. Weka pini mpya. Tundu likikataa kulingana, nati isogezwe mbele, isirudishwe nyuma. Narudia: isirudishwe.

Rilei niliiacha mwisho, ule mtungi wa chuma uliosimama ndani ya fremu pale mbele, unaopokea mwendo wa usukani toka kwenye boksi na kuupeleka kwenye magurudumu. Siku mbili za kuipiga nyundo itoke sizisimulii. Yangu ilikuwa kavu, haina hata tone la oili. Ndani mna springi nene iliyobanwa kwa nguvu za ajabu, na mimi nilishaonywa, nikaifunga magunia mawili, nikasogeza uso pembeni, nikagonga shafti. Springi ilitoboa magunia yote mawili na bati la paa. Usukani sasa naushika kwa vidole viwili. Tundu la paa lipo bado. Mvua ikinyesha naweka ndoo.