Maswali ya nasaba: Babu alizaliwa humo au alilelewa tu?

SWALI: Babu mzaa baba alikulia Ujiji, nyumbani kwa mzee wa Kimanyema. Shangazi zangu wanasema mzee huyo alimzaa kwa suria, yaani mjakazi aliyemweka kinyumba. Upande wa pili wanadai alivushwa ziwa kutoka Kongo akiwa mdogo, akalelewa tu. Baba bado yu hai. Je, nipime vinasaba vyangu? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Vyako viache kwanza. Anza na mirathi ya yule mzee. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba hurithi sawa na wa mke. Mtoto wa kulea harithi. Akipewa kitu ni hiba, au wasia usiozidi theluthi ya mali. Kwa hiyo ulizia nyumba na michikichi iligawanywaje. Kama mabinti walipata nusu ya fungu la wanaume, sheria ilifuatwa, na hapo fungu la babu lina maana. Kama waligawana kwa maelewano, halikuambii kitu.

Swali la pili ni zito zaidi: babu aliwahi kuoa au kuposa binti wa mzee? Jibu likiwa ndiyo, hakuwa mwanawe. Likiwa hapana, usihitimishe lolote, maana hata aliyenyonyeshwa na mke wa mzee huwa haramu kwao.

Umri utafute kwa matukio: reli kufika Kigoma (1914), Wabelgiji kuingia (1916) na kuondoka (1921). Alikuwa anachunga mbuzi, au ameshaoa? Pekua pia masanduku ya zamani, huenda imo hati ya Wajerumani ya kumwacha mtumwa huru, yenye neno Freibrief. Habari za utumwa ziulize faraghani. Mzee akiulizwa mbele ya wakwe hukanusha, na akishakanusha harudi nyuma.

Vinasaba vije mwisho, na apimwe baba yako. Alinganishwe na mjukuu wa mzee kwa mwana wa kiume, naye awe mwanamume. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, hivyo zikitofautiana, dai la suria linayumba. Pima mwingine kila upande kabla ya kulitupa, kwani huenda ni mtu wa kizazi cha karibu ambaye baba anayetajwa si baba yake. Zikifanana bado hujui kama babu alikuwa mwana wa mzee au wa ndugu yake. Hapo tazama vinasaba vya jumla, vile vitokavyo kwa baba na mama: akiwa mwana kwa mama mwingine, baba yako na mjukuu huyo watashiriki wastani wa asilimia 6, akiwa mtoto wa ndugu, kama 3. Viwango hivyo huingiliana, kwa hiyo pimeni wazee kadhaa. Nchini, kazi hii iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Uliza mapema kama watapima Y, maana vipimo vingi ni vya baba na mtoto tu.

SWALI: Kitabu cha ubatizo cha bibi kimeandikwa parentes ignoti. Ndiyo mwisho? – Msomaji, Tabora

JIBU: La. Maana yake padri hakuwajua wazazi, si kwamba hakuna aliyewajua. Soma jina la msimamizi wa ubatizo, kisha maandishi ya pembezoni: ndoa huandikwa hapo, pamoja na parokia ilikofungwa. Kitabu cha ndoa cha parokia hiyo mara nyingi hutaja wazazi au kijiji cha asili. Kikikosekana, andikia hifadhi ya nyaraka ya Wamisionari wa Afrika (White Fathers) huko Roma, ukitaja kituo na mwaka, ili watazame shajara ya misheni.