Re: Nimehamishiwa Njombe kikazi natokea Tanga, baridi na upweke vinanimaliza

Pole sana mdogo wangu, nimekuelewa kabisa. Umesema huu ni mwezi wa pili tangu ufike, unalala na masweta mawili, nazi huzioni na jioni hakuna wa kuongea naye. Mi pia ni mtu wa pwani, nilifika huko mwezi wa sita, asubuhi nikakuta majani meupe kwa barafu nikalia kabisa.

La kwanza, USIINGIZE jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha, hata kama majirani wanafanya. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini, ukiamka kichwa kinagonga na kichefuchefu toka nje haraka uende hospitali. Nenda mnadani siku ya mitumba ukatafute blanketi zito na koti, na usiku weka maji ya moto kwenye chupa ngumu uizungushie kitenge uilaze miguuni.

Nazi agiza kwa makondakta wa mabasi ya Dar, usafiri unaelewana nao tu.

Upweke sasa, jifunze kusema "kamwene", salamu ya wenyeji wa huko, mi ndo ilinifungulia milango, mama wa sokoni akaanza kuniongezea parachichi, na yale maparachichi jamani, na chumvi na viazi vya moto huku nje ukungu, mpaka leo nayatamani.

Ila kama wiki mbili zinapita huli, hulali, unalia tu, muone daktari, usijikaze.