Hema la "watu 6": litatutosha Ziwa Mburo?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Sisi ni sita: mimi, baba na watoto wanne, mkubwa ana miaka 13 na mdogo 4. Likizo ya Desemba tunataka kwenda hifadhi ya Ziwa Mburo na gari letu la Noah, tulale siku mbili. Kuna mtu hapa Jinja anatuuzia hema lililotumika, la bluu iliyokoza. Limeandikwa la watu 6, sakafu sentimita 300 kwa 270, milimita 1,500. Tutajuaje kama ni zima kabla ya kutoa pesa? Mama wa wanne, Jinja.

JIBU: Nzuri, mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa, maana mahema mengi yanayofika mezani kwangu kushonwa yalinunuliwa yakiwa bado mfukoni.

Gawanya 300 kwa 6: kila mtu anapata sentimita 50. Godoro la futi 4 kwa 6 wakilala wawili, kila mmoja ana 61. Magodoro mawili ya namna hiyo yanaingia ubavu kwa ubavu: yanakula 244 kwa upana na 183 kwa urefu. Wewe, baba na mdogo mkichukua moja na watatu wakachukua jingine, mnaenea kwa kubanana, na mabegi yatabaki miguuni. Tena zile 300 ni za chini tu. Kuta huinama ndani, na anayelala ameegemea ukuta huamka na blanketi bichi kwa sababu ya pumzi zenu wenyewe zilizogeuka maji kwenye kitambaa. Wateja wangu huwaambia wapunguze watu wawili kwenye namba ya mfuko. Kwenu, kwa kuwa watoto ni wadogo na gari lipo, linafaa mwaka huu. Mkubwa akiongeza kimo mtahitaji la 8.

Sasa mvua, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Ile milimita 1,500 ni kimo cha maji ambayo kitambaa huweza kubeba juu yake kabla tone la kwanza halijapenya. Kwa kitambaa cha juu inatosha. Kwa sakafu ningependa 3,000 au zaidi, maana goti la mtu likikandamiza ardhi iliyolowa husukuma maji juu. Lakini namba hiyo ni ya hema jipya. Hili limetumika, kwa hiyo geuza kitambaa cha juu upande wa ndani, upitishe kiganja. Kikinata kama gundi, kikiambuka kama magamba au kikinuka uchachu, utando wake umeoza na hakuna fundi atakayeurudisha. Liache.

Kisha angalia kitambaa hicho kinashuka mpaka wapi. Kuna mahema ambayo kifuniko chake ni kama kofia: kinaziba paa la neti na kuishia hapo. Mvua ya huku haianguki wima, huja na upepo. Nililala ndani ya hema la hivyo kule Sipi, na maji yakapita chini ya ukingo wa kofia, yakagonga neti na kutunyunyizia usoni mpaka alfajiri. Mishono yote ilikuwa mizima. Tafuta linalofunika mpaka kiasi cha kiganja kutoka ardhini, lenye matundu ya hewa juu.

Mwombe muuzaji alisimamishe uani. Mtoto mmoja aingie na tochi, wewe mwagia maji kwa mpira nusu saa nzima, kwanza juu halafu ubavuni, naye apapase kila mshono na kila pembe. Mshono unaovuja hutibika kwa gundi ya mishono. Sakafu inayolowa katikati haitibiki. Zipu zifunge na kuzifungua mara kumi kila moja. Zipu inayoachia meno nyuma huwapa njia mbu, na siafu pia.

Nguzo za faibaglasi zitazame kama zina nyufa, basi. Vigingi vile vyembamba vya waya usivihesabu kabisa: udongo mwekundu uliokauka huvipinda kwa nyundo ya kwanza. Mwambie mchomeleaji akukatie nondo nene za sentimita 30, akunje kichwa. Turubai la chini likunje lisichomoze nje ya sakafu, la sivyo litakusanya mvua na kuilaza chini yenu.

Bluu haina ubaya Mburo kwa kiasi cha kukuzuia, lakini mkipanga hifadhi ya Murchison siku nyingine, jueni mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Pale ziwani viboko hutoka majini usiku kula majani. Muulizeni askari wa hifadhi wapi pa kusimamisha, mbali na njia zao, na mlango uelekee Noah iliyo karibu. Chakula chote kilale garini. Sigiri isiingie hemani hata ikiwa na makaa machache, hata kukiwa na baridi: moshi usioonekana wa mkaa huua familia nzima usingizini.

Likipita mtihani wa maji, laleni humo usiku mmoja hapo Jinja, wote sita, magodoro yakiwa ndani. Saa nane za usiku mdogo akitaka kwenda chooni, mtajua kama mlango unafikika bila kumkanyaga mtu.