Shanghai, Singapore au Ningbo: ipi hasa ndiyo bandari kubwa kuliko zote?

SWALI: Ninasomea usafirishaji na ugavi. Nimepewa kazi ya kuzipanga bandari kumi kubwa duniani, lakini kila orodha ninayoipata ina lake. Moja inaanza na Shanghai, nyingine inaanza na Ningbo-Zhoushan, na ya tatu inasema Singapore inapitisha tani bilioni 3 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara mbili ya bandari nyingine yoyote. Nani mkweli, nami niandike ipi?

JIBU: Orodha mbili za kwanza ni sahihi zote mbili. Ya tatu ina kosa kubwa, na nitaanza nalo kwa sababu nimelikuta hata kwenye ripoti za watu waliobobea katika kazi hii.

Hiyo bilioni 3 haikubuniwa. Mwaka 2024 Singapore ilitangaza bilioni 3.11, ila si tani za mzigo. Ni jumla ya ukubwa wa meli zilizofika, kipimo kinachoandikwa kwa kifupi GT. GT hutokana na ujazo wa nafasi zilizofungwa ndani ya meli, kwa kanuni ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, na haisemi lolote kuhusu uzito wa kilichomo. Meli ikitia nanga, ikajaza mafuta na kuondoka bila kushusha hata gunia moja, GT yake yote inaingia kwenye hesabu. Na meli zinazopita Singapore kwa ajili ya mafuta ni nyingi mno: mwaka huohuo ziliuziwa karibu tani milioni 55, kiasi ambacho hakuna bandari nyingine inayokifikia. Mzigo wenyewe uliopakiwa na kupakuliwa ulikuwa tani milioni 600 na ushee. Kwa hiyo ukiona neno "tani" kwenye taarifa ya bandari, uliza kwanza ni tani ya mzigo au ya meli.

Sasa Shanghai na Ningbo-Zhoushan. Shanghai ni ya kwanza kwa makasha, yaani makontena. Iliipita Singapore mwaka 2010, na mwaka 2024 ikawa bandari ya kwanza duniani kuvuka TEU milioni 50 ndani ya mwaka mmoja. TEU moja ni nafasi ya kasha la futi 20, hivyo kasha la futi 40 linahesabiwa TEU mbili. Ningbo-Zhoushan, iliyo jirani yake ng'ambo ya ghuba ya Hangzhou, ni ya kwanza kwa uzito wa mzigo wote: ilivuka tani bilioni moja mwaka 2017, na sasa inapitisha zaidi ya tani bilioni 1.3 kwa mwaka. Tofauti inaletwa na shehena ya kichele, yaani mzigo usiofungashwa kama madini ya chuma na makaa ya mawe, pamoja na mafuta ghafi. Kasha lililojaa viatu au runinga huchukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Madini ya chuma ni kinyume chake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Port Hedland, Australia. Kwa makasha huioni popote kwenye orodha. Kwa tani inapitisha zaidi ya milioni 500 kwa mwaka, karibu zote zikiwa madini ya chuma. Ukiitembelea hutaona yale mawinchi marefu ya makasha unayoyajua kwenye picha. Utaona mikanda mirefu inayomwaga madini ndani ya meli. Katika Ulaya pia, Rotterdam na Antwerp-Bruges zinakaribiana sana kwa makasha, kila moja ikiwa na zaidi ya TEU milioni 13 mwaka 2024, lakini kwa tani Rotterdam inaiacha mwenzake mbali kwa sababu ya mafuta na ya madini yanayopanda mto Rhine kwa matishari hadi viwanda vya Ujerumani.

Kuna jambo moja ambalo orodha nyingi hazilisemi, nalo ndilo ningependa ulielewe kuliko yote. TEU zinazotangazwa si idadi ya makasha. Ni hesabu ya mara ambazo kasha limepita kati ya meli na gati. Chukua kasha moja la futi 40. Likishushwa bandarini likatoka kwa lori kwenda kwa mwenyewe, bandari imeandika TEU mbili. Likishushwa kutoka meli kubwa, likakaa yadini siku tatu, kisha likapakiwa kwenye meli ndogo kwenda nchi nyingine, bandari imeandika TEU mbili wakati wa kushusha na mbili nyingine wakati wa kupakia. Kasha ni lile lile, lakini hesabu imekuwa nne. Makasha matupu nayo huhesabiwa sawasawa na yaliyojaa.

Bandari zinazoishi kwa kazi hii ya kuhamisha makasha kutoka meli moja hadi nyingine ni kama Singapore, Tanjung Pelepas ya Malaysia, Colombo na Tanger Med ya Moroko. Zote zimekaa kwenye njia kuu za meli, na sehemu kubwa ya makasha yake hayatoki nje ya geti. Los Angeles ni ya namna nyingine: makasha yake yanaingia na kutoka nchini Marekani kwa lori na treni. Kwa hiyo TEU milioni 10 za Los Angeles na milioni 10 za Tanger Med hazielezi kazi ya aina moja. Ya kwanza inahitaji barabara, reli na maofisa wa forodha wengi. Ya pili inahitaji gati refu, kina kirefu na yadi iliyopangwa vizuri. Nimefanya kazi ya kupanga yadi kwa miaka mingi na ninakuhakikishia kwamba hizi ni kazi mbili tofauti, hata kama winchi ni zile zile.

Angalia pia mipaka. Los Angeles na Long Beach ziko bega kwa bega katika ghuba ya San Pedro lakini zinahesabiwa mbali mbali. Ukizijumlisha kwa mwaka 2024 unapata karibu TEU milioni 20, zinazotosha kuingia kwenye kumi bora. Ningbo-Zhoushan ni kinyume: zilikuwa bandari mbili, zikaunganishwa chini ya jina moja mwaka 2006. Shanghai nayo si mji pekee. Maji ya mdomo wa mto Yangtze ni mafupi na yana tope, kwa hiyo bandari ya kina kirefu ilijengwa kwenye visiwa vya Yangshan, ikaunganishwa na bara kwa daraja la Donghai lenye urefu wa zaidi ya kilomita 32, na kufunguliwa Desemba 2005.

Kwa kazi yako, usitengeneze orodha moja. Tengeneza mbili, moja ya TEU na moja ya tani za mzigo, zote za mwaka mmoja, na GT uiache kabisa. Kwenye orodha ya TEU ongeza safu inayoonyesha kama bandari ni lango la nchi yake au ni ya kuhamishia makasha. Mwalimu akiuliza kwa nini Singapore ni ya pili kwenye orodha ya kwanza na haimo karibu na kilele cha ile ya pili, hiyo safu ndiyo itakayokusaidia kujibu.